Ganda la Ndizi Ndilo Linaloamua: Kinachotokea Kwenye Kituo cha Taka

Mwenye guta anapita asubuhi, unampa kiroba na pesa ya taka, geti linafungwa. Kwa wengi wetu habari ya taka inaishia hapo. Kiroba chenyewe ndiyo kwanza kinaanza safari, na katikati ya safari hiyo kuna mahali ambapo wakazi wengi wa Dar es Salaam hatujawahi kukanyaga: pale taka zinapochambuliwa na kuhamishwa. Naomba kila mwenye nafasi aende akapaone walau mara moja. Kabla ya kwenda, ni vizuri kujua unakwenda kuona nini, maana bila maelezo utaona rundo na nzi tu.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kituo cha kuhamishia taka ni mahali ambapo vyombo vidogo, yaani guta, toyo, mkokoteni na kirikuu, vinashusha mzigo ili lori kubwa liubebe kwenda dampo. Kituo cha kuchambulia ni mahali ambapo mzigo unafunguliwa na kutengwa: plastiki huku, boksi kule, chuma pembeni, mabaki ya chakula peke yake. Kazi hizi ni mbili, ila mara nyingi zinafanyika katika uwanja mmoja, kwa sababu rahisi kabisa: taka zikishashushwa chini ndiyo nafasi pekee ya kuzigusa kabla hazijazikwa. Lori likishaondoka, nafasi hiyo imepita.

Kwa nini kuwe na kituo cha kuhamishia, na si kila guta liende dampo moja kwa moja? Jibu ni umbali, na umbali huo una historia yake. Zamani taka za Dar es Salaam zilimwagwa Tabata. Wakazi walikaa na moshi, harufu na nzi mpaka wakaenda mahakamani, na kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, ya mwaka 1988, ikawa mojawapo ya kesi kubwa za mazingira nchini: Mahakama Kuu iliamuru jiji liache kumwaga taka pale. Dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa liko Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka Kariakoo. Kila lilipohama, watu walikuwa wamelizunguka. Jiji linakua, dampo linasukumwa nje, na kila kilomita inayoongezeka mtu lazima ailipie.

Chukua hesabu ya mfano. Mitaa kadhaa inatoa tani 10 kwa siku. Kirikuu kinabeba nusu tani, kwa hiyo ni safari 20. Kwenda na kurudi kilomita 50, jumla ni kilomita 1,000 kila siku, na vijana wa kwenye gari wameshinda foleni badala ya kuzoa mitaani. Lori moja la tani 10 linaenda mara moja, kilomita 50. Hata kama linakunywa mafuta mara nne ya kirikuu, bado gharama haikaribiani. Kwa sababu hiyo kituo kinawekwa karibu na makazi. Na kwa sababu kimewekwa karibu na makazi, majirani hawakitaki, na wana haki ya kudai kiendeshwe vizuri: sakafu ya zege, mfereji wa kukusanya maji machafu, na mzigo usilale.

Sasa tufungue kiroba.

Benki ya Dunia ilitoa ripoti mwaka 2018 iliyokadiria kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za mijini mwaka 2016. Ndani ya ripoti hiyo kuna takwimu inayotuhusu zaidi: katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Katika nchi tajiri ni kama theluthi moja. Sisi tunanunua mchicha na shina lake, ndizi mbichi na maganda yake, samaki na utumbo wake, nazi na kifuu chake. Wenzetu wanavinunua vimeshamenywa na kufungwa kwenye plastiki. Kwa hiyo mtu akileta mtambo wa Ulaya, uliobuniwa kwa ajili ya taka kavu zilizojaa karatasi na vifungashio, auweke Temeke, utapokea mzigo tofauti kabisa na ule uliotengenezewa.

Mabaki hayo ya chakula, robo tatu yake hivi ni maji. Rudi kwenye lori letu la tani 10. Zaidi ya tani 5 ni maganda, makapi na ukoko, na ndani yake karibu tani 4 ni maji. Tunachoma dizeli kusafirisha maji mpaka Pugu. Yakifika huko yanafukiwa chini ya mzigo mwingine, hewa haifiki, yanaoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto anga mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Methani ndiyo inayofanya dampo lishike moto na kufuka moshi kwa siku nyingi. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye rundo yanabeba kila kitu yalichokutana nacho na kushuka kwenye udongo na mito. Rundo lenyewe, likiwa refu na limelowa, linakosa nguvu ya kusimama. Agosti 2024 dampo la Kiteezi jijini Kampala liliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya watu 30. Machi 2017 la Koshe, Addis Ababa, liliua zaidi ya watu 110. Walikuwa watu wanaoishi na kufanya kazi pale, wengine wamelala majumbani mwao.

Tunapozungumzia uchafu wa mazingira tunaonyeshana picha za chupa za plastiki ufukweni. Ni sawa, zinaudhi. Lakini ukisimama kituoni utagundua kwamba kinachoharibu kazi yote ni ganda la ndizi na mchuzi uliobaki.

Sogea karibu na meza ya kuchambulia uone. Boksi la kubebea viatu, kavu, lina mnunuzi: linakunjwa, linabanwa kwenye beli, linauzwa kwa kilo kwenda kwenye viwanda vinavyolisaga na kulifanya karatasi tena. Nyuzi za karatasi zinaweza kuzungushwa hivyo mara tano hadi saba kabla hazijawa fupi mno kushikana. Boksi hilohilo likikaa usiku mmoja kwenye kiroba kimoja na makapi ya nazi na maji ya dagaa, kesho yake limelegea, lina ukungu, na mafuta yameingia kwenye nyuzi. Mnunuzi akiona beli limelowa anakata kilo, kwa sababu hataki kununua maji kwa bei ya karatasi, au analikataa kabisa. Hakuna mashine hapo mtaani itakayolirudisha lilivyokuwa. Lilikuwa mali mpaka saa mbili usiku, lilipokutana na sufuria la mboga.

Plastiki inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu tunaliita jambo moja na ni mambo saba. Tazama chini ya chombo cha plastiki, mara nyingi utaona pembetatu ya mishale yenye namba ndani, kuanzia 1 hadi 7. Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kuwasaidia wachambuaji kutambua aina ya plastiki. Hazisemi kwamba chombo hicho kitarejelezwa. Watu wengi wanaiona mishale na kudhani wameshahakikishiwa. Namba 1 ni chupa ya maji na soda. Namba 2 ni madumu ya mafuta na chupa za shampuu. Namba 3 ni mabomba na nyaya. Namba 4 ni mifuko laini. Namba 5 ni ndoo, viti na vyombo vya chakula. Namba 6 ni ile nyeupe nyepesi inayopondeka. Namba 7 ni nyinginezo zote, zikiwemo zilizochanganywa.

Kituo cha mtaani kinaishi kwa namba 1, 2 na 5. Zinanunulika. Zikishachambuliwa zinabanwa au zinasagwa kuwa chenga, zinaoshwa, na hapo ndipo kuna jambo unaloweza kujaribu nyumbani kwako leo. Kata kipande cha chupa ya maji kwa mkasi, kata na kipande cha kifuniko chake. Vizamishe vyote kwenye bakuli la maji, vitikise mapovu yatoke, kisha viachie. Kipande cha kifuniko kinaibuka, cha chupa kinabaki chini. Chupa ni namba 1, plastiki nzito kuliko maji; kifuniko ni namba 2 au 5, nyepesi kuliko maji. Kiwandani wanafanya hivyohivyo kwenye tangi kubwa: chenga zinamwagwa, za juu zinaenguliwa, za chini zinavutwa kwa skrubu. Hakuna kemikali, ni maji na uzito.

Lakini maji hayatatui kila kitu. Namba 3 nayo inazama, pamoja na namba 1, na hapo ndipo hasara inapoingia. Namba 1 inayeyuka karibu nyuzi joto 250. Kabla joto halijafika huko, namba 3 imeshaanza kuvunjika na kutoa asidi ya hidrokloriki, ambayo inaunguza plastiki iliyoizunguka na kuifanya ya njano na yenye kukatika, tena inakula mitambo. Vipande vichache tu vinatosha kuharibu mzigo mkubwa. Kwa hiyo anahitajika mtu mwenye jicho na mkono, anayejua kwa kubonyeza na kwa sauti kipi ni kipi. Wengi wa wanaofanya kazi hii ni kina mama na vijana, na ujuzi wao ni wa kweli. Ningependa tuuite hivyo, na tuulipe hivyo.

Chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi. Kilo moja, basi, ni chupa 50 hadi 100. Ukimwona mtu amebeba sandarusi kubwa kuliko yeye, imejaa chupa ambazo hazijapondwa, ujue sehemu kubwa ya alichobeba ni hewa, na mizani itampa kilo chache. Ukiponda chupa yako na kurudishia kifuniko, umemsaidia mara mbili: mzigo wake unaingia zaidi, na kifuniko hakipotei kwenye mfereji.

Kuhusu chuma sina mengi ya kusema, kwa sababu chuma chakavu kinajitafutia njia. Sumaku inakitenga, kinauzwa, kinayeyushwa, kinakuwa nondo. Kopo la soda halishikwi na sumaku, ni aluminiamu, na kuliyeyusha upya kunatumia nishati pungufu kwa asilimia 95 hivi ukilinganisha na kuanza na madini ghafi. Mafundi wetu wamelijua hilo zamani. Sufuria nyingi nzito za mama lishe zimefuliwa kutokana na makopo na vipuri vya injini.

Kioo ni kigumu zaidi. Dar es Salaam ina kiwanda cha Kioo Limited, na kioo kilichovunjika kinaweza kurudi tanurini bila kupoteza ubora. Tatizo ni kwamba ni kizito, bei yake ni ndogo, na kinakata mikono. Kituo kilicho mbali na kiwanda kinaweza kutumia nauli kubwa kuliko bei ya mzigo. Hapa nataka tuikumbuke chupa ya soda na kreti yake. Dukani ukinywea hapohapo unaiacha. Ukitaka kuondoka nayo unaweka hela ya chupa, ukiirudisha unarudishiwa. Ni nadra sana kuiona imetupwa, na hakuna aliyehitaji kuhubiriwa usafi ili airudishe. Nashangaa kwa nini mpango uliofanya kazi kwa miaka mingi hivyo haujawekwa kwenye chupa ya plastiki.

Turudi kwenye maganda, maana ndiyo nusu ya mzigo, na ndiyo sehemu ambayo haihitaji kusafirishwa kwenda mbali. Yakija yametengwa, yana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni mboji. Mabaki mabichi yanachanganywa na vitu vikavu kama majani, maranda ya mbao na boksi zilizochanika, yanarundikwa kwa safu, yanageuzwa ili hewa iingie. Vijidudu vinafanya kazi na rundo linapata joto lenyewe mpaka nyuzi 55 na zaidi. Ukichomeka mkono utautoa haraka. Joto hilo likidumu siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Baada ya miezi miwili au mitatu unapata udongo mweusi usio na harufu mbaya. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachopokea taka za masoko. Taka za soko zinafaa kwa sababu zimekuja zikiwa safi: ni mboga, matunda na majani. Mboji yenye vipande vya chupa na sindano haiwezi kwenda shambani kwa mtu.

Njia ya pili ni funza wa nzi askari mweusi. Nzi huyu si yule wa chooni. Akishakua hali chakula na hatui kwenye sahani yako. Funza wake wanakula mabaki kwa wiki mbili hivi, wanavunwa, wanakaushwa, na karibu asilimia 40 ya uzito wao mkavu ni protini. Wanalishwa kuku na samaki mahali pa dagaa na soya. Kwa nchi ambayo dagaa walewale wanagombewa na watu na kuku, hilo ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito.

Vipo vitu ambavyo kituo hakina la kufanya navyo. Pampasi na pedi zilizotumika zinakwenda dampo. Pakiti za chipsi na sacheti za sabuni, zile zinazong'aa ndani, ni tabaka za plastiki na aluminiamu zilizogandishwa pamoja, na hakuna anayezitenganisha kwa faida. Hapo lawama si ya mchambuaji wala ya mama mwenye nyumba. Aliyebuni pakiti isiyoweza kufunguliwa ndiye wa kuulizwa.

Na vipo vya hatari. Betri ya gari ina madini ya risasi na asidi. Betri za simu zikitobolewa ndani ya lori zinaweza kuwaka na kuunguza mzigo wote. Sindano za insulini na nyembe zinachoma mikono ya watu ambao glavu zao mara nyingi ni nyembamba. Ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki, funga kifuniko, andika juu yake, na uulize zahanati ya karibu kama wanapokea. Ni dakika moja ya kazi, na mtu mwingine anabaki salama.

Fedha zake zikoje? Kituo kinachoendeshwa vizuri kina ada ya taka kutoka majumbani, mauzo ya vitu vilivyochambuliwa, na mauzo ya mboji au funza. Ada ndiyo inayotegemewa, kwa sababu mauzo yanapanda na kushuka. Bei ya plastiki chakavu inafuata bei ya mafuta ghafi: mafuta yakishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi na ya zamani inakosa mnunuzi. China ilipofunga mlango kwa plastiki chakavu nyingi kutoka nje mwaka 2018, masoko ya dunia nzima yalitikisika. Mtu anayewaambia wakazi wasilipe ada kwa kuwa “taka ni pesa” anawadanganya. Chupa na chuma ni pesa. Pampasi ni gharama, na lazima mtu ailipe.

Tena, chupa na chuma mara nyingi zimeshachukuliwa njiani na waokotaji kabla kiroba hakijafika. Baadhi ya waendeshaji wanawaona kama wezi. Mimi naona kinyume: wao ndio wamekuwa wakirejeleza taka za miji yetu miaka yote bila mshahara, na kituo chenye akili kinawaita ndani, kinawapa glavu, mahali pa kuoshea mikono na mizani isiyodanganya.

Pingamizi ninalolisikia kila ninapozungumza habari hii ni moja: “Nitenganishe ya nini, wakati mwenye guta anavichanganya vyote?” Ni pingamizi la haki. Nyumba moja ikitenga na mtaa mzima ukachanganya, hakuna kitakachobadilika. Linalofanya kazi ni pale mkusanyaji, kituo na nyumba vinapokubaliana kwa wakati mmoja. Bonyokwa, kata iliyo wilayani Ilala, shirika la Nipe Fagio na ushirika wa wakusanya taka wamejenga utaratibu wa aina hiyo: nyumba zinatenga, wakusanyaji wanapita mlango kwa mlango, na kituo cha kuchambulia kimo ndani ya kata. Kenya wamekwenda njia ya sheria. Sheria yao ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia. Sheria bila vituo haitoshi, na vituo bila nyumba zinazotenga vitabaki kuwa mahali pa kugeuza uchafu uliochanganyika.

Kwa nyumba yako, vyombo viwili vinatosha: ndoo yenye kifuniko kwa vinavyooza, na kiroba kwa vikavu. Kama mkusanyaji wako bado anachanganya, vinavyooza unaweza kuvifukia kwenye shimo la bustani au kumpa mfugaji jirani, na vikavu vikabaki vikavu. Hapo umeshaondoa nusu ya mzigo na karibu maji yote.

Ukitaka kwenda kuona, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Waulize nani ana zabuni ya kuzoa taka katika kata yenu na anashusha wapi. Nenda asubuhi, mzigo unapoingia. Vaa viatu vya kufunika, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, maana wale ni watu kazini. Wasalimie, waulize wanachokichukia kukikuta kwenye viroba, wana majibu. Kabla hujaondoka omba uonyeshwe daftari la mizani: kilo zilizoingia, kilo zilizouzwa au kufanywa mboji, na kilo zilizopakiwa kwenda dampo. Kama daftari halipo, hilo nalo ni jambo la kwenda nalo kwenye mkutano wa mtaa.